Nani Kakufelisha

Neno lilifika Mvumi kabla ya lami,
kwa wino mwekundu,
pembeni mwa daftari la kaka yangu Masima:
FELI.
Hatukuliuliza kwao ni wapi.
Tulilivika viambishi kama mgeni anavyoazimwa shuka,
likafeli, likafelisha, likafelishana,
na nilipofika kidato cha nne
lilikuwa limeshazeeka nyumbani,
lina hata kigoda chake.

Matokeo alinisomea jirani, Bwana Senyagwa,
amesimama juu ya kichuguu
pekee penye mtandao.
Nikarudi na sentensi moja:
Mama, nimefeli.

Alikuwa akipepeta uwele. Ungo haukusimama.
“Nani kakufelisha?”

Nilicheka, cheko la kukata koo.
Kufeli, nikamweleza, hakuna mtu wa pili,
ni wewe na karatasi.
Akapuliza makapi.
Hakubishana.

Miaka kumi na moja baadaye, sokoni Kibaigwa,
kazi yangu ni kupokea magunia na kusoma mzani.
Kwenye rundo la vitabu vya mitumba
nikakuta kamusi isiyo na jalada,
A na B zimeliwa na mchwa.
Nikailipia kilo mbili za alizeti
na kulisaka neno kama mtu anayemsaka mdeni wake.

Kumbe Waingereza nao waliliokota
kwa Wafaransa,
na Wafaransa kwa Warumi wa kale,
na huko, kabla halijawa wino mwekundu,
lilimaanisha kudanganya.

Nikakaa juu ya gunia.
Nikaiona maabara yetu:
picha ya darubini ukutani.
Mwalimu wa hesabu alihamishwa Machi,
koti lake likabaki msumarini miaka miwili
likitufundisha.
“Atakuja mwingine,” tuliambiwa
kila Jumatatu, mstarini, juani.

Mama hajui Roma iko upande gani.
Anaijua lumbesa,
gunia lililoshonewa kilemba
na mnunuzi akalihesabu moja.
Ulimi wake unajua:
penye -sha pana mtu.

Jioni nikampigia.
“Mama, uliwahi kuniuliza.”
“Nilikuuliza nini?”
“Nani kanifelisha.”

Kimya. Nikasikia ungo.

“Ehe,” akasema. “Umempata?”