Alama ya Kutoa

Barua imefika saa nne asubuhi, umeme umekatika,
nimeisomea kwenye simu, chaji asilimia tisa:
Dokta Aikande Mremi wa Moshi,
jopo limeridhia, tuzo ya mwaka huu ni yako,
kwa kazi ya takwimu za viumbe hai.
Wanaomba picha, na wasifu wa maneno hamsini.

Kusema kweli, hamsini ni mengi.
Nilichofanya huandikwa kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu:
kistari.

Kuna ua dogo jekundu
huota gizani juu ya Mweka, penye mawe yanayotoka jasho.
Lina mkia nyuma, umepinda kama mkato
mahali ambapo sentensi ilitaka kupumua.
Zamani mtu alilichuma, akalibana kwenye gazeti,
akaandika mahali kwa wino wa buluu.
Miaka ikapita. Kadi ikaingizwa kwenye kompyuta
na kibarua aliyelipwa kwa idadi ya kadi, si kwa macho yake:
digrii tatu, nukta, tarakimu nne, zote sahihi,
ila kile kistari cha mbele, cha kusini mwa ikweta,
kilidondoka.

Basi ua letu likahama.
Usiku mmoja likavuka Tarakea bila pasi,
likauruka Mlima Kenya,
likaenda kuota Chalbi, kwenye chumvi na upepo,
mahali ambapo hata mbuzi husita kabla ya kutafuna.
Na dunia ikaamini.
Ramani zikachorwa. Mtu mwenye tai akasimama mkutanoni
akasema ua hili, mabibi na mabwana, linastahimili ukame.

Nilianza na hilo moja. Kisha nikawaona wenzake:
chura wa Rau amelala juchumvini, akisubiri mvua ya kwao,
konokono wa Uru, kuvu wa Kibosho,
kijiji kizima cha wakimbizi
wasiojua kuwa wamekimbia.
Elfu kumi na moja, mia nne na sita.

Niliandika programu, ndiyo, lakini programu hukisia tu.
Herieli, mtunza makabati,
ndiye aliyefungua karatasi moja moja kwa vidole vinavyonuka nondo,
akanisomea miandiko ya marehemu, mimi nikachapa.
Miaka sita. Kikohozi chake cha vumbi nakijua kama mlio wa simu yangu.
Mama, akiulizwa kwenye meza yake ya vitunguu sokoni Mbuyuni
mwanawe mwenye digrii tatu anafanya kazi gani,
hujibu bila kuinua kichwa:
Anarudisha maua kwao.

Shuleni waliiita alama ya kutoa.
Nilikua nikidhani kutoa ni kupungukiwa,
una tano, unatoa tatu, unabaki unazitazama mbili.
Kumbe wahenga walishaimaliza hesabu hii:
kutoa ni moyo.
Nimetoa kistari, mlima umepata ua.

Na kwetu mpaka wa kihamba hupandwa masale,
na ukimkosea jirani
humwendei mikono mitupu, unashika jani hilohilo.
Kistari changu ni jani la sale.
Huku kusini, kule kaskazini.
Tuwie radhi, ua. Tulikupoteza
na hata hatukujua kwamba haupo.

Umeme umerudi. Nimefungua fomu yao ya tuzo.
Jina, sawa. Jina la Herieli, hakuna nafasi yake;
nimelibana palepale pembeni ya langu.
Kisha wanauliza mahali nilipo, latitudo kwanza.
Nimeandika kistari, tatu, nukta, tatu, tano.
Fomu ikawaka nyekundu:
Tafadhali ingiza tarakimu tu.

Nimejaribu mara tatu.
Nimemwita Herieli aje aone.
Amecheka mpaka amekaa sakafuni, akakohoa, akacheka tena,
akasema, Daktari, kubali tu,
tuzo yako tutaifuata Chalbi.