Ubao Wenye Ulimi

Niliandika: mbao za msonobari, zilizopasuliwa.
Arobaini na nne, sufuri saba.
Ndivyo alivyonitumia ujumbe mwenye mali:
"Ni mbao tu za kuta, mama deklara."
Nami, miaka kumi na miwili nikila mkate wa karatasi
hapa Barieri Kubwa, mjini Goma,
sikushuka kwenda kuzigusa.

Muhigirwa alishuka.
Mkaguzi yule haamini jicho, anaamini kidole gumba.
Alifungua turubai upande wa ziwani,
akapitisha kidole ubavuni mwa ubao, taratibu,
kama mtu atafutaye mshono uliofumuka
kwenye shati la mwanawe.
Kikasimama.
"Mama Kavugho, ubao huu una ulimi."

Ulikuwa nao kweli.
Ubavu huu ulimi, ubavu ule mfuo,
ili ubao wa huku uingie ndani ya mwenzake
bila msumari kuonekana, bila upepo kupita.
Kazi hiyo naijua. Baba alikuwa na randa ya kuchongea ndimi,
chuma chake chembamba kama ukucha wa paka,
na sisi watoto tulivaa maranda masikioni
tukajiita mabibi harusi.
Mwana wa seremala, na sikushuka.

"Ukipasuliwa tu, ni sufuri saba," akasema.
"Ukichongwa ubavu mwanzo hadi mwisho, ni sufuri tisa.
Kitabu hakiulizi ubao ni wa nani."

Na tofauti ya saba na tisa si mbili,
usidanganywe na hesabu ya shule:
ni kodi nyingine, ni faini ya kuandika uongo,
ni lori kulala kwa malipo,
ni dereva kula kwa deni
kwa mama muuza sambaza.

Nilibisha. Nikasema mti wenyewe laini,
hata kucha inauandika.
"Ulaini umo kitabuni," akajibu,
"na hauna punguzo."

Siku tisa.
Kahambu akinipigia simu kutoka Buhene,
pale volkano ilipopita sebuleni bila hodi
ikaacha jiwe jeusi lenye mikunjo, kama blanketi
la mtu aliyeamka kwa haraka.
Juu ya jiwe hilo alitaka ukuta usio na ufa,
taa yake isiwafikie majirani,
maneno yake pia.
Siku tisa, na saba kati yake mvua,
na turubai lile Muhigirwa alilifungua vizuri
akalifunga vibaya.

Tulilipa. Muhuri, risiti, muhuri juu ya risiti.

Fundi Paluku alisimamisha ubao wa kwanza,
akasukuma wa pili. Ulimi ukagoma.
Akagonga kwa kiganja, akagonga kwa nyundo,
mti laini ukalia kama mfupa.
Mbao zilikuwa zimekunywa mvua zikanenepa.
Hakusema kitu. Alichukua msumeno
akakata ndimi, akakata na mifuo,
ubao baada ya ubao, hadi jua likaegemea Sake.

Ndimi tulizozilipia kwa dola
jioni ile zilikuwa ndani ya mbabula
zikichemsha maharage.
Zilinukia vizuri, hilo siwezi kulikana.

Kahambu alikoroga chungu, hakuniangalia.
"Na sasa hizi ni namba ngapi?"
Niliutazama ukuta: mbao zimelaliana kama magamba,
misumari yote nje, inang'aa.
"Sufuri saba," nikasema. "Kama nilivyoandika."

Kwa kukatwa, zilipungua upana;
ukuta wa jikoni haukufika mwisho.
Pale amefunga turubai.
Turubai nalo lina namba yake.
Sikuitaja.