Hujambo, Kutoka Sifuri Hadi Nne

Imogen ananipa fomu na kalamu ya bluu.
Hakuna jibu sahihi, anasema, wala kosa,
zungushia tu namba.
Dirisha la kliniki linatazama maegesho ya magari
na Coventry leo, Machi, imetoa jua,
kwa hiyo nimehamia kiti cha ukutani.

*Katika wiki nne zilizopita, umechoka mara ngapi?*
Kwetu uchovu una sababu:
umelima, umefua, umebeba, umezaa.
Unalala, asubuhi unauacha kitandani.
Huu wa lupasi huamka kabla yangu,
huvaa kandambili zangu,
hunitangulia jikoni, hukaa.
Tatu.

*Umeona haya kwa sababu ya sura yako?*
Predinisoloni imeniumua uso kama andazi.
Harusini, Foleshill, Bi Mgeni alinishika mashavu:
"Shemsa, umenawiri! Ulaya imekukubali!"
Meza nzima ikaitikia mashallah.
Nikacheka. Nyumbani nikavua mtandio,
nywele zikatoka pamoja nao.
Haya? Sijui.
Hakuna namba ya kupongezwa kwa ugonjwa.

*Umeweza kufanya kazi za nyumbani?*
Unga naukanda kwa viwiko.
Chupa ya achari huifungua Nabhani, miaka tisa;
huigonga kwanza ukingoni mwa meza, kama fundi,
hasemi kitu. Vifungo vya shati lake la shule
alijifunza kuvifunga mwenyewe Novemba,
kabla sijamwambia kwa nini.
Kazi zinafanyika, Imogen. Uliza na nani.

*Umejihisi kuwa mzigo kwa wengine?*
Hapo naruka. Nitarudi.

*Dawa zimekusumbua?*
Mojawapo ni nduguye klorokwini,
ile tuliyonyweshwa utotoni Tanga kwa malaria,
mama kanibana pua, kijiko cha sukari mkononi,
kisha usiku kucha kujikuna.
Nimepanda ndege, nimeapa uraia,
nimejifunza kusema samahani nikikanyagwa mimi,
kumbe ilikuwa imetangulia, inaningoja,
na sasa naimeza bila kijiko wala mama.

Mimi nimeulizwa hali tangu kuzaliwa.
Hujambo, hali gani, za asubuhi, za tangu juzi,
na jibu limekwisha pangwa kabla ya swali:
sijambo, njema, nzuri, nzuri, alhamdulillahi.
Hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza,
ndipo aseme ni nani kafa.
Hapa mtoto wa watu ameinamisha kichwa,
anangoja kwelikweli.
Mkono wangu, kwa mazoea, unakwenda sifuri.
Naurudisha.

Mzigo.
Nazungushia nne.
Natamani kuifuta papo hapo; wino haufutiki.

Imogen anajumlisha, midomo inacheza kimya.
Arobaini na moja kwa mia.
"Ni afadhali kuliko Oktoba," anasema, na uso unamng'aa,
nami nafurahi, kwa ajili yake.

Nje watu wamevua makoti, wamejilaza nyasini,
wamelikingia jua nyuso zao kama sahani.
Mimi, niliyepewa jina la jua na bibi yangu
asiyejua litanifanyia nini,
nafuata kivuli cha ukuta
kwa kofia na mikono mirefu,
kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwangu
kuna nguzo za taa kumi na moja.
Jumanne iliyopita nilipumzika kwenye ya nne.
Leo kwenye ya saba,
nikijifanya natafuta funguo.
Hilo halimo kwenye fomu.

Nabhani yuko dirishani kwa jirani.
Ameinua vidole saba.