Fulani bin Fulani, Mjini Zafra

Katika baa ya Domitila, kaunta ikinuka siki na kahawa,
wanaume wanne wanamsengenya mtu asiyekuwapo.
Hawamtaji. Wanasema *Fulano*,
nami mgeni nageuka kama niliyeitwa kwa jina la nyumbani.
Kumbe fulani ana nduguye huku,
amebadili irabu ya mwisho tu,
kama kijana aliyefuga masharubu ughaibuni.

Baba yao mmoja, Kiarabu.
Mmoja alibaki kwetu akawa mtu wa umbea na barua za serikali,
mwingine akavuka mlango-bahari,
akaswagwa na kondoo mpaka Extremadura.
Na yupo binamu wa Kiebrania, Peloni,
mzee kuwapita wote, ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso.

Hapa Fulano hatembei peke yake.
Ana Mengano, ambaye jina lake lilikuwa swali,
“alikuwa nani?”,
likasuguliwa na vinywa hadi jibu likasahaulika.
Ana Zutano, ambaye wasomi bado wanagombania kwao.
Ana Perengano, chotara,
wa mwisho kufika, wa kwanza kulaumiwa.
Wote wanadaiwa. Wote walisema neno, kisha wakakana.

Lakini mwanamke akilivaa, jina hugeuka.
Kwetu fulana ni nguo ya jasho,
huanikwa uani bila haya.
Huku fulana ni mwanamke anayesemekana ana bei.

Bibi yake Domitila alikuwa mfua nguo.
Aliwafulia mabwana wa mji fulana zao,
hizo za kwetu,
nao wakamwita fulana,
hiyo ya kwao.
Domitila aliukuta ukurasa kanisani, wino umekuwa rangi ya chai:
*Mama, Nicasia Barragán. Baba, Fulano.*
Herufi kubwa, nadhifu,
kana kwamba padri alimjua vizuri sana.

Haya hakunisimulia kwa uchungu.
Alikuwa anamenya vitunguu saumu, akisimama kutoa chenji.

Mmoja wa wale wanne akagonga glasi:
“Andika, nitalipa Jumamosi.”
Nikautazama ubao wa madeni, nyuma ya mashine ya kahawa.
Hakuna Fulano hata mmoja pale.
Kila mtu na jina lake, na ukoo wa baba,
na ukoo wa mama, ambao hapa hauachwi.
Chaki ilipokwisha katikati ya jina
alikwenda stoo kutafuta nyingine.