Pengine

Nyanya Khainza alituhesabisha kwa maharage.
Kila tulipolikuta Jina katika somo la Sabato,
punje moja, ndani ya kibuyu kilichokatwa shingo.
Jina lenyewe hatukulitamka. Herufi nne tu:
jicho linaziona, ulimi unazipisha
kama kwetu Bugisu mtu anavyompisha mkwewe njiani,
unatoka, unasimama kwenye majani, kimya,
apite.
Tulisema "Bwana" badala yake, na punje ikalia ko.

Vitabu vya Musa vilijaza kibuyu.
Zaburi zilimwaga maharage sakafuni, kuku wakafaidi.
Kisha ikaja siku ya gombo la malkia,
yule yatima aliyeficha kabila lake ikulu.
Sura kumi. Tulikodoa macho, mimi na Wamimbi.
Mfalme yupo, kila mstari mfalme.
Mvinyo upo. Mihuri, matarishi, farasi wa serikali.
Hata jina la adui lipo, tena tunalipigia madebe
(wala si kumtafutia kura)
mpaka majabali ya Wanale yaitikie.
Jina: hakuna.

Wamimbi alikipindua kibuyu, akakitikisa,
akachungulia ndani kwa jicho moja.
"Nyanya, wamemsahau?"
Alikuwa akichambua malewa. Hakuinua kichwa.
"Mlimtafutia wapi?"

Kiswahili kwetu kilikuja kimevaa buti.
Ndiyo maana haya nayaandika kwa lugha hii:
ndiyo iliyogonga mlango, mwaka wa marufuku,
mimi sijazaliwa.
*Fungua! Nani anasali humo?*
Vitabu vingine vilikwisha lala chini ya migomba,
ndani ya mtungi, vikinywa unyevu.
Daftari moja lilisahaulika mezani, gombo la malkia,
limenakiliwa kwa Kiganda, mkono wa babu, wino wa buluu.
Askari akalisogeza kwenye koroboi.
Kiganda hakukijua, ila neno moja alilijua,
nani asiyelijua: Katonda.
Akalisaka kwa kidole, kucha imepasuka,
ukurasa kwa ukurasa,
kwa bidii ileile yetu na maharage yetu.
Hakulipata.

"Hii habari gani?"
"Mfalme mmoja," nyanya akasema, "alikosa usingizi."
"Ya serikali, basi."
"Ya serikali."
Akasimama kidogo. Bunduki imeegemea ukuta kama fagio.
"Hata mimi silali," akasema,
akaondoka, hata kuku hakuchukua.

Sasa nina mvi zangu mwenyewe, nalisoma tena gombo.
Lina mahali pamoja tu pa kushika:
ndugu wa malkia anamtumia ujumbe mlangoni,
kwamba akikaa kimya, msaada hautakosa njia,
utatoka mahali pengine.
Pengine wapi, hasemi.
Nililibeba neno hilo mpaka Kiswahilini, nikashtuka:
*pengine* ni pale pasipo hapa,
na *pengine* ni labda.
Nani alizifungasha mbili hizi katika mzigo mmoja?
Na walimu wetu wa kale, kinywa kilipoogopa kumtaja,
waliwahi kumwita Mahali.
Mahali. Tu.
Mahali pengine, basi, na wewe hesabu mwenyewe.

Sijui kama askari yule alipata usingizi.
Sijui kama aliyekiongoza kidole chake
ndiye aliyekizuia.
Nyanya nilimuuliza, mara moja tu. Alisema daftari lilikuwa na mwandiko mbaya.

Usiku ule wa kibuyu kitupu
alipika maharage yote tuliyohesabu tangu mwaka uanze,
Mwanzo, Kutoka, Zaburi, yote sufuria moja,
na chumvi kidogo, na karanga.
Akabariki kwa sauti ndogo
ya mtu aliyezoea kusikilizwa mlangoni.
Midomo niliiona. Jina sikulisikia.
Punje moja nikaificha shavuni,
nikalala nayo.