Kona ya Tatu

Nilipima kila kitu kabla maji hayajaingia.
Siku kumi na tisa, mita mia saba chini ya Rybnik,
leza kifuani, nikihesabu nguzo, mikanda, vibao,
hata misumari. Kisha wakazima pampu,
na mgodi ukanywa maji hadi ukalala.

Sasa unakaa ndani ya kisanduku kisichouzidi mkate.

Asubuhi huja vijana wa uokoaji, huvaa miwani,
na ukumbi wenye sakafu ya mpira hugeuka giza.
Gesi inapanda. King'ora. Moshi nimeutengeneza mimi,
mzito, usiochoma koo.
Oliwier amekufa mara nne tangu Jumatatu,
na kila akifa hucheka, huomba arudishwe mwanzo.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema.
Huyu maiti mara nne, na hajui kitu.

Akaletwa Mzee Zygfryd aukague.
Miaka thelathini na moja shimoni,
sikio la kushoto lilibaki hukohuko.
Alipovaa miwani, aliinama.
Juu yake palikuwa na taa za ukumbi na dari ya mita sita,
lakini aliinama, palepale mwamba unaposhuka,
nami nikajisifu kimoyomoyo.

Akanusa.
"Hapanuki. Mgodi ni pua kwanza, Kornelia, macho baadaye."
Nikaandika: harufu. Nikaweka alama ya kuuliza.

Kwenye kona ya tatu akasimama.
Vijana walikwisha pita mbio, taa zao zikirukaruka ukutani.
Yeye hakupita.
Nikatazama skrini: njia safi, picha hazikwami,
hakuna kosa hata moja.
"Kuna hitilafu, mzee?"

"Hapa ndipo tulipomwacha Alojz."

Leza iliuona ukuta.
Iliiona saruji ya mwaka themanini na saba,
na unene wake, na nyufa zake mbili,
ikaniambia: ukuta.

Alinyoosha mkono akaigusa hewa ya ukumbi
kwa kiganja kizima, taratibu,
kama apapasaye paji la mtoto mwenye homa.
Nikamuuliza niandike jina pale, niweke mshumaa.
"Mshumaa? Penye methani?"
Akavua miwani, akaenda kutafuta chai.

Usiku ule nilifuta mstari mmoja tu.

Jumatano Oliwier akafa kwenye kona ya tatu.
Akacheka. Akangoja.
Giza halikuondoka.
Akabonyeza, akabonyeza tena, akaita jina langu,
mikono ikitafuta ukuta ambao haupo.
"Mbona hairudi?"

Mzee Zygfryd alikuwa dirishani akimenya yai.
Akatazama saa, akanipa ishara ya kidole:
bado.