Safu ya Mapato Mengineyo

Neno mgao hapa Tanga tulilijua kwa giza:
Jumatatu Ngamiani, Jumanne Chumbageni,
tukajifunza saa ya kupiga pasi na saa ya kutafuta kibiriti.
Sasa limerudi limevaa suti.
Limekuja ndani ya bahasha ya ligi, lina mhuri,
na jina la timu yetu limekosewa:
Mkonge Stas.

Mimi ni mhazini. Kitabu hiki nimekishika miaka kumi na mmoja,
jalada la buluu, kona moja imeliwa na panya
msimu ule tulioponea chupuchupu kushuka daraja.
Nikaisoma tarakimu kwa sauti. Kamati kimya.
Fedha za televisheni, fungu moja kati ya kumi na sita,
sawa kwa wote.

Sawa.
Ila wale wakubwa wa Dar jezi zao zinanunuliwa hadi Kigoma,
kifuani wamebeba benki.
Sisi kifuani tuna duka la vipuri la Bwana Shekiondo,
anayelipa nusu kwa pesa, nusu kwa matairi ya basi.
Ukimpimia uji kwa kikombe kimoja
mtoto aliyeshiba na mtoto aliyelala njaa,
umegawa sawa, sikatai.
Nenda usiku ukasikilize nani analia.

Nilitaka beki wa kati. Nilitaka glavu:
Mbaruku kipa wetu zake anazishona kwa uzi wa katani.
Mwenyekiti akakohoa, akasema:
"Tusikurupuke. Tukimaliza wa tano, mgao ni uleule.
Tukimaliza wa kumi na tatu, mgao ni uleule.
Sasa presha ya nini?"
Nikayaandika kwenye muhtasari, neno kwa neno.
Kalamu ilikwama kwenye "uleule."
Mwezi uliofuata nyumba yake ya Raskazone ilipata geti jipya.
Sisemi kitu. Natunza vitabu tu.

Dirisha dogo wakamuuza Semhando,
kijana wa Pongwe, mguu wa kushoto kama ufunguo.
Mama yake, anayeuza kachori nje ya uwanja,
akaja ofisini bila kuvua aproni.
"Mwanangu mmemwandika wapi?"
Nikamfunulia: Mapato Mengineyo,
chini ya kodi ya ukumbi,
juu ya mauzo ya chupa tupu.
Akaweka kidole pale, akakiacha kidogo.
Doa la mafuta bado lipo.

Machi wakaja wakubwa, na yeye akiwa kwao.
Muheza ilihamia mjini, Korogwe ikaja kwa malori,
tiketi zikaisha kabla ya adhuhuri,
tukawa tunagonga mhuri kwenye vipande vya boksi.
Dakika ya sitini na nane nilikuwa chumba cha hesabu
niliposikia Mkwakwani nzima inapasuka.
Nikadhani tumefunga.
Kumbe ni yeye, na watu wa kwao wamesahau kuhuzunika.
Aliinua mikono miwili, wanasema,
kama mtu aliyevunja sahani ugenini.

Umeme ukakatika. Mgao ule wa kwanza, mkongwe.
Nikahesabu kwa tochi ya simu,
noti zinanuka machungwa na jasho,
nyingi kuliko bahasha ya mwaka mzima,
na mjumbe wao, kijana wa kikokotoo, amekaa pembeni
akisubiri fungu lao.
"Nyinyi wadogo tunawabeba," akasema, bila ubaya.
Nikalamba kidole, nikaendelea kuhesabu.
"Kesho jipangeni wenyewe kwa wenyewe," nikamwambia,
"halafu uniletee hesabu ya mlangoni."
Akacheka. Mimi nilikuwa nimefika laki tisa, nikapotea,
ikabidi nianze upya.

Usiku, nafunga kufuli, mama Semhando amesimama.
Kachori zimeisha zote. Ananipa elfu tano imekunjwa mara nne.
"Leo niliingia bure, mlinzi ananijua.
Nilitaka kumwona tu. Iandike."

Nimefungua kitabu mara tatu tangu jana.
Ile noti bado imo katikati ya kurasa,
na safu yake sijaipata.